Naombeni a-e-i-o-u ya kusoma ECG, niko kituo cha afya wilayani Kongwa

Nyota_Kongwa

Wakuu wa kada ya afya, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu habari za kazi.

Mimi ni ofisa tabibu, mwaka wa tatu kazini, kituo cha afya huku Kongwa, ukishaiacha lami ya Kibaigwa unaingia ndani kwa bodaboda kama saa nzima. Miezi minne iliyopita tuliletewa mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo. Ni ndogo, ina nyaya kumi, inatoa karatasi ya waridi yenye viboksi. Aliyeileta alituonyesha kuwasha, kubandika na kubonyeza kitufe, akaondoka siku hiyohiyo maana gari lilikuwa linamsubiri. Chuoni tulipewa kipindi kimoja cha mchana, mtihani ukaja na swali moja, basi.

Jumanne ya wiki iliyopita jioni akaletwa mama wa miaka 46. Walikuwa wanapura mtama, akaishiwa nguvu. Anasema moyo unaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Kupanda ngazi mbili za barazani kwetu alisimama kuvuta pumzi, na mwanawe akanieleza kwamba tangu mwaka jana mama halali chali, analala ameegemea gunia. Presha 110/70. Nikampima ECG. Juu ya karatasi mashine ikaandika maneno mengi ya Kiingereza, mojawapo likiwa ni dalili ya shambulio la moyo la zamani upande wa kushoto. Nilishtuka. Nikampigia daktari wa zamu kule tunakopeleka rufaa. Akaniuliza: mapigo ni mangapi kwa dakika? Yanafuatana kwa mpangilio au hapana? P (wimbi dogo linalotangulia kila pigo) unaziona? Nikanyamaza. Nikaanza kumsomea maneno ya mashine. Akaniambia kwa upole, "Sikuulizi mashine imeona nini. Nakuuliza wewe umeona nini."

Mgonjwa alisafirishwa usiku uleule. Karatasi nina nakala yake, naiangalia kila siku. Sitaki tena kunyamaza kwenye simu. Nianzie wapi?

Mama_Wodini

Marahaba mwanangu. Mimi ni muuguzi, miaka 26 kazini, na 11 ya mwisho kazi yangu ya kila siku ni kupima ECG hapa Dodoma mjini. Swali lako limenigusa, kwa sababu wengi wakishtuka wanaiweka karatasi kwenye faili na kulifunga.

Usianze na majina ya magonjwa. Anza na mikono yako. Karatasi nyingi mbaya nilizowahi kuona ziliharibikia kitandani, kabla kitufe hakijabonyezwa.

Rangi kwanza. Kama mashine yenu ni ya mtindo wa Ulaya, waya mwekundu ni mkono wa kulia, wa njano mkono wa kushoto, wa kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia. Wanafunzi wangu nawaambia: mkono unaolia ugali ndio mwekundu, kutoka hapo zunguka kama taa za barabarani, njano, kijani. Mweusi unabaki peke yake. Lakini mashine za msaada nyingine ni za mtindo wa Marekani, na huko mkono wa kulia ni mweupe, wa kushoto mweusi, mguu wa kulia kijani, wa kushoto mwekundu. Kwa hiyo usiamini rangi tu, soma na herufi zilizochapwa kwenye kichwa cha waya.

Kifuani zinakaa sita, V1 hadi V6, usikisie. Weka kidole kwenye kishimo cha koo, shuka kama sentimita tano utakuta kituta kwenye mfupa wa kifua. Ukitoka pale kwenda pembeni unagusa ubavu wa pili, na nafasi iliyo chini ya ubavu huo ndiyo nafasi ya pili. Hesabu ya tatu, ya nne. V1 inakaa nafasi ya nne ukingoni mwa mfupa upande wa kulia wa mgonjwa, V2 mkabala wake kushoto. Halafu ruka V3, weka V4 kwanza: nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 unaiweka katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa uleule wa V4 kwenda kwapani, V5 kwenye mkunjo wa mbele wa kwapa, V6 katikati ya kwapa. Usipande nazo juu kufuata ubavu, kosa hilo nimelisahihisha hata kwa madaktari. Kwa mama mwenye matiti makubwa, mwombe ruhusa, inua titi, bandika chini yake. Kanga iwepo ya kumsitiri, na mlango ufungwe.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Upepo wa Dodoma unakausha ngozi, kila mtu amejipaka mafuta ya mgando. Elektrodi haishiki juu ya mafuta. Futa kwa spiriti, acha ikauke, ndipo uweke jeli, na jeli ya kikombe kimoja isiungane na ya jirani yake. Mwezi wa sita na wa saba mgonjwa anatetemeka kwa baridi, na mtetemo wa misuli unachora manyoya kwenye mstari. Mfunike blanketi, subiri. Kama mstari una meno madogo yanayolingana kama ya msumeno mwembamba, hayo ni ya umeme wa ukutani. Chomoa chaja ya simu iliyo karibu na kitanda, endesha mashine kwa betri yake.

Sasa chukua ile karatasi ya mama. Tazama lidi I (lidi ni mmojawapo wa michoro ya karatasi, kila mmoja unautazama moyo kutoka upande wake). Je, QRS, lile wimbi refu lenye ncha, imetazama chini, na T, wimbi la mviringo linaloifuata, nayo chini? Halafu tazama lidi aVR. Kwa kawaida aVR kila kitu hutazama chini. Ya kwako imetazama wapi? Na V5 na V6 zikoje? Nijibu hayo matatu kwanza.

Kijana_Manyoni

Samahani wakubwa, na mimi ni tabibu, Singida vijijini. Kwani mashine si inaandika jibu yenyewe? Kituo chetu kina matabibu wawili na foleni ya watu themanini. Nauliza kwa nia njema, faida ya kupima viboksi kwa rula ni ipi?

Nyota_Kongwa

Mama, nimekimbia kwenye faili. Lidi I: QRS iko chini, T iko chini. aVR iko juu! V5 na V6 zina mwinuko mrefu wa kawaida kwenda juu.

Mama_Wodini

Basi nyaya za mikono zilibadilishana. Wa kulia ulikaa kushoto na wa kushoto kulia. Ukiwa umechoka na giza linaingia ni rahisi sana. Lidi I inatazama kutoka mkono hadi mkono, ukiigeuza inapinduka yote, na mashine ikiona Q kubwa kwenye I na aVL inadhani kuna sehemu ya ukuta wa kushoto wa moyo iliyokufa. Lile "shambulio la zamani" lilitoka kwenye waya mbili, halikutoka kwa mama.

Kuna hali nyingine inayofanana, mtu aliyezaliwa moyo wake ukiwa upande wa kulia. Huyo lidi I imepinduka vilevile, lakini ukienda V1 hadi V6 miinuko inazidi kufifia badala ya kukua. Ya kwako inakua, kwa hiyo ni nyaya.

Kijana wa Manyoni, nadhani jibu lako ni hilo. Mashine haijui kama waya umekaa mkono gani.

Dkt_Nkuhungu

Nimefurahi sana kuona uzi huu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, nipo Dodoma. Mama Wodini amemaliza upande wa kitanda, naomba niingie kwenye karatasi yenyewe. Nyota, chukua penseli.

Mkono wa kushoto wa karatasi, au mwishoni, kuna kisanduku kilichosimama kama mlango. Kinatakiwa kiwe na urefu wa milimita 10, yaani viboksi vikubwa viwili. Hiyo ni milivolti moja. Kikiwa nusu yake, mawimbi yote yamepunguzwa na moyo mkubwa utaonekana mdogo. Kisha soma kasi ya karatasi chini: iwe milimita 25 kwa sekunde. Ikiwa 50, kila kitu kimevutwa na moyo unaokimbia utaonekana mtulivu.

Kwa kasi ya 25, kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.2. Hapa ndipo hesabu zote zinapotoka. Mapigo yakiwa yanafuatana sawasawa, hesabu viboksi vikubwa kati ya R moja (ncha ya juu ya QRS) na inayofuata, gawanya 300 kwa idadi hiyo. Viboksi vitatu ni 100 kwa dakika, vinne ni 75, vitano ni 60. Mapigo yasipofuatana njia hiyo inadanganya. Chapa mstari mrefu wa lidi II, hesabu viboksi vikubwa 50, hizo ni sekunde 10. QRS zilizomo humo zidishe kwa 6.

Kujua kama yanafuatana usitegemee jicho. Chukua ukingo wa karatasi nyingine, weka alama kwenye R tatu zinazofuatana, halafu isogeze mbele. Alama zikiangukia R kila mara, yanafuatana.

Kuhusu herufi: umeme unaanzia kwenye kifundo kidogo juu ya chumba cha juu cha kulia, unasambaa vyumba vyote viwili vya juu. Hiyo ni P. Halafu unachelewa kidogo kwenye kifundo cha katikati, kama maji ya mfereji wa shamba la zabibu yanavyosubiri mlango ufunguliwe, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Tangu P ianze hadi QRS ianze viwe viboksi vidogo 3 hadi 5. QRS ni vyumba vya chini vinavyosukuma, isizidi upana wa viboksi vidogo 3. T ni vyumba hivyo vikijirudisha tayari kwa pigo lijalo.

Herufi hizo alizipa Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwenye mashine yake mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi. Lidi I, II na III za karatasi yako bado ni pembetatu ileile ya mikono miwili na mguu wa kushoto, ndiyo maana waya za mikono zikibadilishana pembetatu nzima inapinduka.

Sasa nijibu yale maswali matatu uliyoulizwa kwenye simu. Mstari wa lidi II unao? Hata kama mikono ilibadilishana, mpangilio wa mapigo haubadiliki.

Nyota_Kongwa

Daktari, nimekaa nayo toka saa mbili usiku. Kisanduku kina milimita 10, kasi 25. Mstari mrefu upo. QRS 19 ndani ya viboksi 50, kwa hiyo 114 kwa dakika. Alama za karatasi hazikuangukia R hata mara moja, nimejaribu sehemu tano. Umbali mfupi kabisa viboksi vidogo 8, mrefu 21, na katikati haurudii mpangilio wowote. QRS ni nyembamba, viboksi 2. P nimezitafuta. Mbele ya QRS kuna mstari unaotikisika tu, haufanani mara mbili.

Dkt_Nkuhungu

Ungemwambia hayo hayo daktari wa zamu angeelewa kila kitu bila kuiona karatasi. Mapigo 114, hayafuatani kabisa, hakuna P, QRS nyembamba. Vyumba vya juu havipigi tena, vinatetemeka. Kifundo cha katikati kinapokea umeme ovyo na kupitisha kiasi, bila utaratibu. Kwenye vitabu inaitwa AF, yaani atrial fibrillation.

Mwanamke wa miaka 46, anahema, halali chali, presha si ya juu: kwa nchi yetu mimi nafikiria valvu (mlango wa ndani ya moyo) iliyokazwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Muulize kama aliwahi kuvimba magoti na viwiko alipokuwa msichana. Damu ikituama kwenye chumba cha juu kisichosukuma inaganda, na donge likikatika linakwenda kwenye ubongo. Anahitaji eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na, kama ni valvu hiyo kweli, warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye kufuatiliwa kwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda. Uliharakisha kumpa rufaa, ulifanya vizuri.

Kijana_Manyoni

Nimeelewa. Kesho naanza na penseli. Naomba kuuliza moja tu: ni nini kwenye ECG ambacho hakisubiri hata kidogo? Maana foleni ni ndefu.

Mama_Wodini

Wa maumivu ya kifua apimwe ndani ya dakika 10 tangu aingie, foleni au hakuna foleni. Angalia sehemu inayounganisha QRS na T. Ikiwa imeinuka juu ya mstari kwenye lidi zinazokaa jirani, piga simu sasa hivi. Ujirani ni huu: II, III na aVF ni ukuta wa chini wa moyo, V1 hadi V4 wa mbele, I, aVL, V5 na V6 wa kushoto. Na ikiwa safi wakati mgonjwa bado anatoka jasho na kushika kifua, usimruhusu aende nyumbani. Rudia baada ya dakika 15 hadi 30, elektrodi zikiwa palepale.

Jingine ni potasiamu. Kuna usiku aliletwa kijana wa kusafishwa damu, alikuwa amekosa vikao viwili kwa nauli. Analalamika miguu kuwa mizito tu. Nikapima, T zake zimechongoka nyembamba kama vichuguu vya njia ya Kondoa, P zimelala, QRS imeanza kupanuka. Maabara ilikuwa bado haijajibu. Nilikimbia na karatasi mkononi hadi kwa daktari, akachomwa kalisiamu glukoneti polepole kwenye mshipa, mashine ikiwa bado mwilini. Ndani ya dakika chache niliona QRS inarudi kuwa nyembamba mbele ya macho yangu. Kalisiamu haiondoi potasiamu, inaulinda moyo tu wakati dawa nyingine zinafanya kazi, kwa hiyo safari ya kwenda kusafishwa damu iliendelea palepale. Kijana yupo, namwona sokoni Majengo. Tangu usiku ule simruhusu mwanafunzi wangu amalize wiki bila kuniambia T ya kawaida inafananaje.

Halafu karatasi zenu. Ile ya waridi ni ya joto, jua la dirishani linaifuta, plastiki ya faili nayo inaifuta. Piga picha au toa nakala siku hiyohiyo. Nimeona wagonjwa wanaleta karatasi tupu.

Nyota_Kongwa

Narudi baada ya siku tisa.

Kwanza, Jumamosi mimi na mwenzangu tulipimana. Nilimpima sawasawa, halafu nikabadilisha nyaya za mikono kwa makusudi, nikapima tena. Tumezibandika karatasi mbili ukutani, moja juu ya nyingine, tumeandika kwa kalamu nyekundu "MIKONO IMEBADILISHANA". Kila anayeingia chumba kile anaiona.

Pili, mtoto wa yule mama amepiga simu. Eko imefanyika, valvu ya kushoto imekaza. Ameanzishiwa warfarin, dawa ya kupunguza kasi, na sindano ya penisilini ya kila wiki nne, ambayo ataichoma hapa kwetu. Nilimuuliza habari ya magoti. Akanipa mama mwenyewe simu. Aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya magoti, walimpeleka kwa mganga, akapona, wakasahau.

Tatu, naomba mnisahihishe hii ya leo. Kijana wa miaka 24, mpiga matofali, amekuja kwa kikohozi, nikampima kwa ajili ya kujifunza na yeye akakubali. Kisanduku 10, kasi 25. Mapigo 62, yanafuatana. P ipo mbele ya kila QRS, inatazama juu kwenye II na chini kwenye aVR. PR, yaani tangu P ianze hadi QRS ianze, viboksi vidogo 4. QRS 2. Lakini kwenye V2, V3 na V4 sehemu ya kuunganisha imeinuka kama milimita moja, imejikunja kama tabasamu, na T ni kubwa. Hana maumivu ya kifua kabisa. Mashine imeandika shambulio la moyo. Nimeogopa kidogo, ila sijaogopa kama ile mara ya kwanza.

Dkt_Nkuhungu

Umepangilia vizuri sana. Kwa vijana wa kiume wenye asili ya Kiafrika, hasa wa kazi za nguvu, mwinuko huo wenye umbo la tabasamu ni wa kawaida sana na mashine huukosea mara kwa mara. Mwinuko wa shambulio hubadilika ukirudia kipimo, wake utabaki vilevile. Rudia mara moja kabla hajaondoka, linganisha, mpe nakala aitunze. Siku akija na maumivu kweli, nakala hiyo itakuwa na thamani kubwa. Kikohozi usikisahau, mchukue makohozi.

Mama_Wodini

Mwanangu, V2 uliihesabu kutoka kwenye kituta au ulikisia?

Nyota_Kongwa

Kutoka kwenye kituta, mama. Mara mbili.